Mashine pepe mbili, RAM moja

Kama mashine pepe zako ziko kwenye kompyuta moja ya QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe) na zinapeana data nyingi, si lazima zipitie mtandao. Tumia ivshmem, kifaa cha QEMU kinachozipa mashine pepe RAM ya pamoja. Aina ya ivshmem-plain hutoa kipande cha RAM tu: faili ndani ya /dev/shm, ukubwa wa kipeo cha 2 (MB 4, 8, 16), na share=on, la sivyo kila mashine itaandika kwenye nakala yake mwenyewe. Ndani ya Linux, fanyia mmap (yaani iunganishe na kumbukumbu ya programu yako) faili ya resource2 ya kifaa hicho.

Ukihitaji na kengele, yaani njia ya kuishtua mashine nyingine, chukua ivshmem-doorbell pamoja na ivshmem-server. Kupiga ni kuandika kwenye rejista ya kifaa iliyo kwenye ofseti ya baiti 12: biti 16 za juu ni namba ya mashine unayoiita, za chini ni vekta (namba ya kengele unayoipiga).

Sasa sikiliza: kengele haibebi ujumbe, na milio miwili ya haraka inaweza kufika kama mmoja. Andika data kwanza, weka kizuizi cha kumbukumbu (amri inayohakikisha data inaonekana kabla ya mlio), ndipo upige. Mpokeaji naye asihesabu milio. Asome foleni ya data iliyo kwenye RAM hiyo mpaka iishe. Na asiamini urefu wowote ulioandikwa humo bila kuukagua, maana mashine ya jirani inaweza kuubadilisha wakati wowote.