Somo: kurudisha koki ya hita kwenye Morris Minor, kioo kisizibe wakati wa masika

Assalaam aleikum wanachama. Masika yakikaribia maswali ya kioo kuziba ukungu yanarudi yaleyale, kwa hiyo leo naandika somo zima la koki ya hita, ile ya kufungulia na kufungia maji ya moto yanayokwenda kwenye hita, ambayo kwenye gari nyingi za huku imetolewa zamani na mahali pake pakapigwa kibati. Najua kuna watakaosema hita Unguja ya nini na joto lenyewe hili. Jamani hita huku sio ya kuota, ni ya kukausha kioo cha mbele. Mvua ya mwezi wa nne inapiga, mmo wanne ndani na nguo zimerowa, madirisha yamefungwa, hazipiti dakika mbili kioo cheupe. Waipa inafuta nje lakini ukungu uko ndani, dereva anafuta kwa kitambaa huku kashika usukani mkono mmoja na mbele yake watoto wa chuoni wanavuka barabara. Hewa ya moto ikipuliza pale chini ya kioo ukungu unaondoka wenyewe. Kwa mie gari inayobeba watu bila ya hita haijatengenezeka, hata ikiwa imepigwa rangi ya harusi.

Nazungumzia zile Morris Minor 1000 zenye injini ya 948 cc au 1098 cc. Maji ya moto yanatoka nyuma kabisa ya silinda hedi, upande unaotazama ukuta wa mbele ya abiria, yanapita kwenye koki, yanaingia kwenye rejeta ndogo iliyomo ndani ya boksi la hita, halafu yanarudi kwenye hosi ya chini ya rejeta kubwa ambako pampu inayavuta tena. Ukishaielewa njia hii kazi yote inakuwa nyepesi, maana kila tatizo litakalokuja utajua uanze kutafuta wapi.

Hatua ya kwanza, vifaa. Koki yenyewe bado inatengenezwa, wauza spea za Morris Uingereza wanayo, na injini hii, ya aina inayoitwa A-series, imeingia kwenye gari nyingi ikiwemo Mini kwa hiyo uliza vizuri ipi inakaa kwako: kuna za kuzungusha kwa mkono chini ya boneti na kuna za kuvuta kwa waya kutoka kwenye dashibodi. Hosi iwe ya nusu inchi na iwe ya maji ya moto. Usininunulie mpira wa kumwagilia bustani, utalainika, utavimba na utapasuka siku uko mbali na nyumbani. Klipu nne, karatasi ya gasketi, nati na washa zake.

Hatua ya pili, injini ipoe kabisa. Sio vuguvugu, ipoe. Funua kifuniko cha rejeta, fungua koki ya chini na umwage maji kwenye ndoo mpaka yashuke chini ya usawa wa hedi. Yatazame hayo maji. Yakiwa rangi ya chai basi ndani kuna kutu na itakubidi usafishe njia zote kabla ya kuunga hita, la sivyo uchafu wote utakwenda kukaa kwenye ile rejeta ndogo.

Hatua ya tatu ndo penye kazi, soma mara mbili. Kile kibati kimeshikwa na stadi mbili (boliti zisizo na kichwa), na hizi ni robo inchi UNF, yaani meno ya inchi, nati yake inataka spana ya 7/16. Kama huna, namba 11 inakaa. Stadi hizi zimekaa kwenye chuma cha hedi miaka na miaka, zimekula kutu na hewa yetu ya chumvi, ukizivuta kwa nguvu zinakatika ndani. Kwa hiyo usiku wa kabla yake paka mafuta ya kulainisha kutu, asubuhi paka tena. Ukianza, kaza kidogo sana kwanza mpaka usikie imeshtuka, halafu legeza robo mzunguko, rudisha, legeza tena, mafuta, rudisha. Nati ikianza kulia na stadi inazunguka nayo pamoja, simama. Hiyo sio hasara, stadi ikitoka nzima unatia mpya. Lakini ukiiona inajipinda bila ya kuzunguka, iache, ipashe moto kidogo pale kwenye mzizi ukiwa umeshaondoa petroli na matambara yote karibu, usubiri ipoe ndo ujaribu tena.

Na nawaomba sana, fundi asikutilie boliti ya milimita 6 mahali pa robo inchi. Itaingia, tena itaingia kirahisi kwa sababu ni nyembamba zaidi, lakini meno hayakutani na siku ya kukaza inachomoka na meno ya hedi.

Kibati kikitoka ziba tundu kwa kitambaa safi ili takataka zisianguke ndani, kwangua gasketi ya zamani taratibu mpaka chuma kiwe laini. Gasketi mpya unaikata mwenyewe: weka uso wa koki juu ya karatasi, piga mstari, kata. Silikoni ukitaka tia utando mwembamba tu, ikizidi inaingia ndani na kuziba njia. Koki unaikaza nati kwa zamu, hii kidogo na hii kidogo, kwa mkono wa spana fupi. Masikio yake ni laini, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho linapinda au linavunjika na pesa yako imekwenda.

Hatua ya nne, hita yenyewe. Kabla hujaiunga itoe, ipitishe maji ya mfereji pole pole upande huu na upande huu mpaka yatoke meupe, halafu ziba mdomo mmoja, ijaze maji na uiache juu ya karatasi kavu. Ikivuja ivujie uani kwako, sio kwenye miguu ya abiria. Halafu unga hosi: kutoka koki kwenda hita, kutoka hita kurudi chini. Zisiguse manifoldi ya egzosi.

Feni: chomoa betri kwanza. Waya wa feni unatoka kwenye ule mkondo wa nyaya za kijani, unaopata umeme baada ya swichi na fyuzi. Na kumbukeni gari hizi zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndo athi, yaani ndo iliyoungwa kwenye bodi. Kama yako ilishageuzwa hasi kwa ajili ya redio, angalia feni inazunguka upande gani kabla ya kufunga kila kitu.

Mwisho kujaza maji. Paki pua ya gari ikiwa juu kwenye kilima kidogo, koki ya hita iwe wazi, chomoa hosi ya kurudi upande wa hita na uishike juu. Mimina kwenye rejeta na ndani ya ile hosi kwa zamu mpaka hita itoe maji yasiyo na mapovu, irudishe, kaza klipu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza maji yanaposhuka. Shika hosi zote mbili za hita: zote zikiwa za moto umemaliza, moja ya moto na moja baridi ina maana kuna hewa au kuna kuziba.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Wete: Sheikh shukrani. Yangu nshafunga yote lakini hewa inatoka vuguvugu tu, hosi zote ni za moto kiasi. Tatizo nini?

Jibu: Fungua nyumba ya temostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, utazame, nna wasiwasi haimo. Mafundi wetu wengi wanaitoa wakidhani injini itapoa zaidi, matokeo yake injini haifiki joto lake na hita haina cha kutoa. Kwa injini hii kuna ya nyuzi 74, ya 82 na ya 88. Kwa huku kwetu tia 74, na 82 nayo haina neno rejeta ikiwa safi.

Swali, Mwanakwerekwe: Stadi imeshakatika fundi, usawa wa hedi kabisa. Nichimbe na drili?

Jibu: Usichimbe kwa mkono kaka, drili ikiteleza inakula chuma cha hedi. Kama kuna kijipande kimebaki nje muite mchomeaji mzuri akiunge nati juu yake, lile joto lenyewe husaidia kuilegeza. Kama haina kitu nje, teremsha hedi uipeleke kwa fundi wa kerezo akitoboe katikati kwa mashine. Hedi ikishuka gasketi yake nunua mpya, usirudishie ile ile.

Swali, Chake: Naweza kutia maji ya kisima?

Jibu: Usitie. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na injini yako ni chuma cha kutu. Maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri, pamoja na kulanti (ile dawa ya maji ya rejeta) kwa kipimo cha kwenye galoni. Sie hatuna barafu lakini kulanti inazuia kutu, tunaitaka kwa hilo.

Swali, Mkoani: Hita yangu ni ile ya duara ya ndani, nikiiwasha mvua ikinyesha kioo kinazidi kuziba.

Jibu: Hiyo ya duara inavuta hewa ya humo humo ndani na kuirudisha, kwa hiyo unyevu wa nguo zenu unazunguka tu. Fungua kidogo kile kioo kidogo cha pembeni mbele ili hewa yenye unyevu itoke, na uelekeze mipira ya hewa yote kwenye kioo, miguu iache. Halafu nyanyua zulia la chini ulishike kwa mkono. Likiwa limerowa na lina harufu tamutamu ya kulanti, rejeta ya hita inavuja, itoe ukaipime upya kama nilivyoeleza hatua ya nne.