Kuingia katika tenisi ya kulipwa

Anayetaka kuishi kwa tenisi ajisajili kwanza kwa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi apate namba ya IPIN, yaani namba ya utambulisho wa mchezaji, kwani bila hiyo jina lake halipokelewi, kisha aanze na mashindano ya vijana ya shirikisho hilo. Mashindano ya kulipwa ya ngazi ya chini hugawa zawadi ya jumla ya dola 15,000, fedha ambayo, ikishagawanywa, haiwatoshi wengi hata kulipia nauli na hoteli. Kwa hiyo ni busara kucheza wiki kadhaa mfululizo katika nchi moja. Alama anazopata mchezaji za kumpandisha katika orodha ya ubora hudumu wiki 52 tu. Njia ya chuo kikuu cha Marekani, aliyoifuata Angella Okutoyi wa Kenya baada ya kutwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022, naiona salama zaidi, maana ufadhili hugharimia kocha, viwanja na masomo.