Soma kichwa cha gogo la paini (pale lilipokatwa) kabla hujatoa hela

Wakuu, huku Mafinga paini inapasuliwa kila siku na bado kuna watu wananunua gogo kwa kuangalia unene tu, mbao zikipinda wanalaumu dingdong, ile mashine ya kupasulia. Mimi mwenyewe nilishalizwa, nilichukua magogo manene kutoka kwenye mteremko mkali, nikatoa mbao za 2x4 (inchi mbili kwa nne) za kenchi, wiki mbili tu zimejikunja kama upinde, nusu nikauza kuni. Sasa hivi nafanya hivi:

Hatua ya 1. Chonga kichwa. Chenso inaacha mikwaruzo, huoni kitu. Chukua panga kali au randa, chonga mstari wa vidole vitatu toka kwenye kiini mpaka gome, mwagia maji kidogo, pete (ile mistari ya duara) zinajitokeza hapo hapo.

Hatua ya 2. Kiini kiko wapi? Kikiwa katikati, safi. Kikiwa kimesogea pembeni, na upande wa pili pete ni pana na zina wekunduwekundu, jua huo mti ulikaa umeinama, iwe ni mteremko au upepo ulimsukuma. Paini ikiinama inajaza mbao upande wa chini ili ijisukume inyooke, na mbao hiyo ni nzito, unaweza kuipenda kabisa, ila ikikauka inafupika kwa urefu kuliko ya kawaida, sasa ubao ukiwa na hiyo upande mmoja na ya kawaida upande mwingine utaacha kupinda kweli? (Mtiki ni kinyume, yeye anavuta kwa upande wa juu, na ukimpasua hapo anatoa manyoyamanyoya.)

Hatua ya 3. Hesabu pete. Mvua za Novemba mpaka Aprili mti unaweka mbao nyeupe pana, ardhi ikianza kukauka unaweka mstari mweusi, hiyo ndo pete moja ya mwaka. Ukikuta pete zimebanana, linganisha na magogo mengine ya shamba hilo hilo. Yote yakiwa yamebanana mwaka ule ule, ulikuwa ukame. Likiwa hili peke yake na linabana taratibu kuelekea kwenye gome, lilikuwa limesongwa na wenzake, mwenye shamba hakupunguza miti.

Hatua ya 4. Chunga pete ya uongo. Chini ya gome kuna utando unateleza, wataalamu wanauita kambiamu, huo ndo unatengeneza mbao, na chembe zake mpya zinahitaji maji ili zivimbe. Mvua ikikatika Januari zinabaki ndogo, unapata mstari mweusi, mvua ikirudi zinakuwa kubwa tena, mwisho wa siku mwaka mmoja una mistari miwili. Pete ya kweli kwa nje imekatika ghafla kama imechorwa na peni, ya uongo inafifia pande zote mbili. Kuna muuzaji aliniapia mti una miaka 18, nilivyozitoa za uongo zikabaki 14, na bei ikashuka palepale.

Hatua ya 5. Angalia kama mti uliungua moto. Kovu linakuwa chini karibu na ardhi, utomvu umejaa na gome limemezwa ndani. Hapo kata kipande cha chini utupe, juu mbao inaweza kuwa nzima.

Ukikwama na gogo la hatua ya 2 na hela umeshatoa, usitoe 2x4 ndefu, kata vipande vifupi vya maboksi, vikipinda havionekani sana.