Manifoldi ya inteki ya gari uliloliacha Uganda: kabla ya kupakia begi, na siku ya kufungua

Gari limekaa Ntinda au Entebbe mwaka mzima, ndugu analiwasha mara moja kwa wiki. Sasa ujumbe unaingia kwenye simu: injini inatetemeka, silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, taa ya injini inawaka, na fundi anasema manifoldi ya inteki (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) imekufa, anaomba pesa ya nyingine. Usitume bado. Manifoldi yenyewe hufa mara chache. Kinachokufa ni gasketi ya mpira iliyobanwa kwa miaka 15, mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) uliokaushwa na joto, au oringi (pete ya mpira) ya injekta, ile inayopuliza petroli. Vyote hivyo huleta dalili zinazofanana, maana kasoro ni moja: hewa ya wizi inaingia kwenye silinda, na petroli inayopulizwa haitoshi kuilinganisha.

Mwombe fundi akurekodie video ya mambo matatu. La kwanza ni skana, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari. Kodi (namba ya hitilafu) ya P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi. P0300 inasema silinda zinamisi (zinakosa kuwaka) bila mpangilio, na P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. Muhimu kuliko kodi ni marekebisho ya petroli ya muda mrefu, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza: yakiwa juu ya asilimia 10 injini ikiwa kwenye silensa, kisha yakashuka karibu na sifuri ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inavuja. Yakibaki juu kote kote, au yakizidi kadiri unavyokanyaga, angalia pampu, chujio la petroli na sensa ya hewa kabla ya kuigusa manifoldi. Ujue tu kwamba skana za bei nafuu hazisomi baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo skana kukataa kuunganika si ushahidi kwamba kompyuta ya gari imeungua.

La pili ni geji ya vakyumu, na hapa vitabu vya Ulaya na Marekani hupotosha watu. Vinasema injini nzima isome inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye silensa. Hiyo ni pwani. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 unazopanda hula karibu inchi moja. Kwa hiyo mshale uliotulia kati ya 13 na 17 Kampala ni afya kamili, na Kabale, penye karibu mita 2,000, hata 11 si ugonjwa. Manifoldi zisizo na kasoro zimetupwa kwa sababu mtu alisoma geji ya Kampala kwa kitabu cha London. Mshale uliotulia chini ya kiwango hicho ndio unaoashiria uvujaji. Unaorukaruka kwa mpigo uleule unaelekeza kwenye valvu.

La tatu ni maji. Injini ikiwa ya baridi na inaunguruma, fundi apulize maji kwa chupa ya dawa ya mimea kwenye mstari ambapo manifoldi inakutana na hedi (kichwa cha injini), na kwenye kila mpira, mbali na koili na plagi za umeme. Mlio ukibadilika kwa sekunde moja, umepata pengo. Wengine hutumia kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) au petroli yenyewe. Inafanya kazi, na siku moja itawaka.

Manifoldi hubadilishwa kweli ikiwa plastiki imepasuka, chuchu ya kuvalishia mpira imekatika kwenye shina, au uso wa aluminiamu umepinda. Dizeli ni habari nyingine: huko tatizo la kawaida ni masizi ya EGR (mfumo unaorudisha moshi kwenye injini) yanayoziba njia ya hewa, na dawa ni kuifungua na kuisafisha.

Cha kubeba na cha kuacha

Manifoldi nunua Kampala, gasketi njoo nazo. Soko la Kisekka, katikati ya mji, lina manifoldi zilizotolewa kwenye injini za Japani, na pale unaweza kuweka ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu ukalinganisha matundu, chuchu na mahali pa sensa. Ikague juani: pitisha kucha kwenye mishono ya plastiki, tikisa usikie kama kuna kipande ndani, hakikisha vikombe vya chuma kwenye matundu ya bolti havijalegea. Ya aluminiamu iliyopasuka huweza kuchomelewa, lakini baada ya moto huo uso wake lazima unyooshwe upya, la sivyo umenunua uvujaji mwingine.

Gasketi za sokoni, kinyume chake, ni bahati nasibu. Kabla ya kuagiza huko uliko, pata namba ya fremu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya herufi na tarakimu 17 ambayo tovuti za Uingereza na Marekani huuliza. Yana namba fupi inayoanza na, kwa mfano, NZE121. Mtu mwenye Toyota Corolla Fielder ya NZE121 akiwa Marekani akaagiza gasketi ya Corolla ya miaka hiyo, ataletewa ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, ilhali gari lake lina 1NZ-FE ya lita 1.5. Huko Marekani injini yake ilikaa kwenye Echo na Yaris. Anza na jina la injini, kisha linganisha namba ya spea kwa fremu yako.

Kwa injini ya silinda nne weka kwenye begi: gasketi ya manifoldi (moja, au nne kama kila tundu lina yake), gasketi moja ya throtli bodi (mlango wa hewa ya injini), oringi nne za juu na nne za chini za injekta, mpira wa PCV (unaopitisha mvuke wa ndani ya injini), na mita mbili za mpira wa vakyumu wa silikoni kwa kipenyo ulichopimiwa. Ongeza spana ya torki inayoanzia nyutonimita 5. Ndicho kifaa ambacho gereji nyingi za mtaani hazina. Makopo ya kupuliza ya kusafishia usibebe, ndege haziyaruhusu. Injekta au reli (bomba linalolisha injekta) iliyowahi kupitisha petroli nayo iache, harufu tu inatosha kuizuia. Risiti zikae mkononi, URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) wakiuliza.

Siku ya kufungua

Tenga saa tano na uanze asubuhi injini ikiwa baridi, chini ya kivuli, mbali na vumbi la barabara. Jambo moja kabla ya yote: redio nyingi za Kijapani hujifunga betri ikitolewa na kudai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani. Itafute namba hiyo kwanza, au kubali kukaa bila muziki.

Toa fyuzi au rilei ya pampu ya petroli, washa injini mpaka izime yenyewe, piga stata sekunde tatu tena. Sasa toa waya hasi wa betri. Piga picha za kila upande, kisha funga utepe wenye namba kwenye kila mpira na kila plagi kabla ya kuichomoa; mipira ya vakyumu inafanana na itakudanganya. Toa kasha la chujio la hewa, halafu throtli bodi. Kama mipira ya maji inapita kwenye throtli, jaribu kuisogeza throtli pembeni ikiwa na mipira yake, usimwage maji ya radieta bure. Mipira isipofika, ibane kabla ya kuichomoa na uandae lita mbili za kulanti (maji ya radieta). Throtli ya umeme usiisukume kwa kidole.

Injini nyingine injekta zimekaa kwenye hedi na hazihitaji kuguswa. Nyingine zimekaa kwenye manifoldi na reli lazima itoke. Zikitoka, oringi zote ni mpya, zipakwe oili safi ya injini, na injekta izunguke kwa vidole ikishaingia. Isipozunguka, oringi imekatika.

Bolti nyingi za Toyota ni za soketi 10, 12 na 14. Legeza kuanzia ncha kwenda katikati, nusu mzunguko kila moja, na uzihesabu. Manifoldi ikigoma baada ya bolti zote kutoka, hazijatoka zote: tafuta brakti ya chini, inayoonekana kwa kioo na tochi tu. Ukiivuta kwa bisibisi ndipo plastiki hupasuka.

Ziba matundu ya hedi kwa vitambaa vikubwa visivyoweza kumezwa. Kwangua kwa plastiki, kamwe si kwa diski ya grainda. Unga wake huingia kwenye oili na kula beringi. Pitisha rula ya chuma: mwanga ukipita penye pengo la zaidi ya milimita 0.1, angalia kikomo cha injini yako kabla ya kuendelea.

Fundi atatoa tyubu ya silikoni. Ikatae. Gasketi ya mpira hukaa kavu kwenye mfereji wake. Silikoni huifanya iteleze, na inayobanwa ndani humezwa na injini.

Kaza kutoka katikati kwenda ncha, kwa awamu tatu. Bolti za M8 kwa kawaida huishia nyutonimita 20 hadi 30, za M6 karibu 9 au 10, lakini namba ya injini yako ndiyo hakimu. “Mpaka ikatae” ndiyo iliyopasua manifoldi ya kwanza.

Rudisha kila kitu kwa kufuata namba. Geuza ufunguo mara tatu bila kupiga stata ili pampu ijaze reli, unuse petroli, ndipo uwashe. Silensa ya juu dakika chache si ajabu. Iache injini ijifunze dakika kumi bila eyasii (kiyoyozi). Ikibaki juu, kuna mpira uliosahaulika. Silinda moja ikimisi, plagi ya injekta haijalia klik.

Kabla ya kutoka getini kanyaga breki. Pedali ngumu kama jiwe inasema mpira wa busta ya breki, ambayo mafundi wengi huiita haidrovaki, haujavalishwa. Kesho yake, injini ikiwa baridi, pitia bolti kwa spana ya torki ileile na uangalie kulanti. Ile manifoldi ya zamani, hasa kama kazi ilifanyika wewe ukiwa mbali, ibaki kwenye stoo ya nyumbani mpaka uione kwa macho yako.