Kuunda kielelezo cha roboti zito la mizinga lisianguke chali

Nimekaa siku mbili na mpwa wangu hapa Kikwajuni tukilijenga upya roboti lake la kivita, lililokuwa likianguka kila feni ikiwashwa. Ni roboti la aina inayobaki nyuma ya mstari wa mapambano na kuwasaidia wenzake kwa mizinga na maroketi ya masafa marefu. Kwa hiyo uzito wake mkubwa uko mabegani, na hapo ndipo penye taabu.

Hatua ya 1: Vipimo
Tumia kipimo cha 1 kwa 50, ili roboti la mita 10 liwe na sentimita 20. Usikadirie mtutu kwa macho. Mpwa wangu alichukua mrija wa milimita 20, ambao kwa kipimo hicho ni mzinga mnene wa mita 1 nzima. Tundu la mzinga wa milimita 155 huwa milimita 3.1 tu.

Hatua ya 2: Kiwiliwili na miguu
Kata kadibodi, kunja, gandisha kwa gundi ya mbao. Gundi ya moto siitaki kabisa, kwani hulainika kwa joto la dirishani.

Hatua ya 3: Maroketi
Gari la kurushia maroketi la BM-21 lina mirija 40 ya milimita 122, safu 4 za mirija 10. Kwa kipimo chetu kila mrija ni kama milimita 2.4, yaani unene wa njukuti ya mnazi. Muombe ruhusa mwenye ufagio kwanza.

Hatua ya 4: Mizani
Usigandishe chochote mabegani kabla ya hatua hii. Mimi niliwahi kupima roboti likiwa halina maroketi, nikaridhika, nikagandisha yote, na usiku likaanguka chali likavunjika mtutu. Kubandua gundi iliyokauka kulinigharimu jioni nzima.

Funga kila kitu kwa uzi, kisha lining'inize roboti kwa bega, na kwenye uzi huo huo tundika timazi. Chora kwa penseli, ubavuni, mstari unaopitiwa na timazi. Lining'inize tena kwa ncha ya mtutu na uchore mstari wa pili. Mistari inapokutana ndipo kitovu cha uzito kilipo, na ukishuka wima kutoka hapo ni lazima uangukie ndani ya nyayo, si nyuma ya visigino.

Ukiangukia nyuma, usikimbilie kutia uzito wa madini ya risasi. Kwanza kunja magoti ili kiwiliwili kisogee mbele. Pili, ongeza majembe ya bati la kopo nyuma ya visigino, kama yale ambayo mizinga ya kukokotwa huyakita ardhini ili isirudi nyuma inapofyatua. Roboti linalorusha kombora lenye zaidi ya kilo 40 lingeyahitaji kweli, na hapo hapo yanaurefusha msingi wa kielelezo chako. Bado likiyumba, ndipo utie chubwi ya mvuvi ndani ya vidole vya miguu. Chubwi za risasi usizipige msasa, na unawe mikono baada ya kuzishika.

Hatua ya 5: Rangi
Kijivu isiyong'aa. Usipulize rangi siku za mvua za masika, kwani unyevu huifanya ipauke.