SOMO: Vizuka vya krayoni nyeupe, kazi ya watoto msimu huu wa Halloween

Oktoba ndiyo hii, na kwa sisi tulioko Marekani madukani ni mafuvu, popo wa plastiki na utando wa buibui kila kona. Wazazi wengi wanachapisha kurasa za kupaka rangi kutoka mtandaoni: boga linalocheka, mchawi juu ya ufagio, paka mweusi kapinda mgongo. Sizikatai. Ila mtoto akijaza rangi kwenye mchoro wa mtu mwingine anaumaliza upesi, hashtuki wala hacheki. Utamu wa Halloween ni kushtukizwa. Kwa hiyo leo tufanye picha ambayo mtoto anaificha mwenyewe kwenye karatasi nyeupe, halafu anaitoa kwa brashi. Wa miaka minne anaiweza. Aliye mdogo zaidi mkae naye.

Krayoni ni nta, na maji hayashiki kwenye nta. Ukipitisha rangi ya maji, karatasi inainywa na mistari ya krayoni inabaki mieupe. Basi, hiyo ndiyo siri yote.

VIFAA

Krayoni nyeupe (ile inayobaki ndefu kwenye kila boksi kwa sababu hakuna anayeitaka), rangi za maji za vidonge, brashi pana, makopo mawili ya maji, tishu, chumvi ya mawe, tepu ya karatasi. Kwenye karatasi msibane matumizi. Ile ya printa inalowa, inajikunja na kutoboka mtoto akiisugua mara mbili. Tafuteni karatasi nene ya rangi za maji, gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu. Ikikosekana, manila nyeupe inafaa.

HATUA YA 1. Bandika karatasi mezani kwa tepu pande zote nne. Haitajikunja, na ukibandua mwishoni unapata fremu nyeupe safi.

HATUA YA 2. Mtoto achore kwa krayoni nyeupe, tena akandamize kwelikweli. Mstari wa juujuu hautaonekana kabisa. Wengi hulalamika, "Sioni ninachochora!" Mwambie ashushe kichwa mpaka usawa wa meza, atazame karatasi kuelekea dirishani: palipopita nta panang'aa, pasipopita hapang'ai. Kizuka cha kuanzia ni umbo la shuka, juu duara, chini mawimbi. Macho na mdomo asiyapitishie nta. Ayaache matupu, maana giza litaingia humo humo na uso utatokea wenyewe. Wakubwa wajaribu mifupa, au utando wa buibui kwenye pembe ya karatasi.

HATUA YA 3. Sasa giza. Nyeusi ya kidonge peke yake hutoa kijivu kilichopauka. Changanya bluu na zambarau, kisha ongeza nyeusi kidogo tu. Iwe nyepesi kama chai ya rangi. Ukiikoroga ikawa nzito inafunika nta na kizuka kinazama. Anzia juu, pitisha brashi mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, shuka mstari unaofuata, usirudi nyuma kusugua. Hapo ndipo mtasikia makelele mezani. Vitone vya rangi vitasimama juu ya nta bila kuzama. Wengine wanaviacha, mimi navigusa kwa ncha ya tishu ili kizuka kiwe cheupe zaidi.

HATUA YA 4. Chumvi. Subiri mng'ao wa maji uanze kufifia, ndipo unyunyize punje chache angani. Kila punje inavuta maji na rangi ya kandokando, inaacha alama mfano wa nyota au ukungu. Ukiwahi, maji yanaiyeyusha. Ukichelewa, haifanyi kitu. Ikikauka kabisa, pangusa.

HATUA YA 5. Boga lenye taa ndani. Hili lifanywe kwenye karatasi nyingine, kwa krayoni za rangi. Karibu kila mtoto hujaza macho ya boga kwa nyeusi, na boga linakuwa limezimika. Mwanga unatoka ndani, kwa hiyo matundu ndiyo pang'avu kuliko pote: manjano tupu kwenye macho na mdomo, manjano tena kwenye kingo zake, halafu chungwa, na ukifika pembeni mwa boga changanya nyekundu na kahawia. Nyeusi iwekwe nyuma ya boga tu. Huo ukingo mwembamba wa manjano unaozunguka jicho ndio unaowasha taa, msiuruke. (Kwa wanaopenda historia: Ayalandi walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mzizi. Wahamiaji walipofika Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, tanipu ikasahauliwa.)

HATUA YA 6. Popo, lakini si yule mweusi wa kila siku. Mpakeni popo wa Pemba. Hapatikani kwingine kokote duniani, na rangi zake ni za Halloween hasa: manyoya ya chungwa lililokoza, mabawa, masikio na pua vyeusi. Ni popo mkubwa, anakula matunda, na mchana unaweza kuwaona kwenye hifadhi ya Kidike, huko huko Pemba, wakining'inia mitini kichwa chini. Mtoto achore mwili kwa krayoni ya chungwa, vijistari vifupi vifupi kufuata manyoya, kisha mabawa kwa rangi nyeusi ya maji. Rangi ya maji ikimwagikia mwilini haidhuru, nta inaikataa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Yusra: Mwalimu shikamoo. Wangu anapenda zile kurasa za kuchapisha. Tulipopitisha rangi ya maji, mistari yote myeusi ikavuja, popo akawa tope. Tatizo rangi?

Jibu: Marahaba mama. Rangi haina kosa, ni wino. Printa nyingi za nyumbani zinatumia wino wa maji, nao ukilowa unatembea. Chapisha kwenye printa ya leza au utoe fotokopi. Ule ni unga ulioyeyushwa kwa joto ukagandia kwenye karatasi, maji hayauwezi. Maktaba nyingi za huku wanazo. Ukibaki na printa yako, tumieni krayoni au penseli za rangi tu.

Baba Neema: Niko Dar, shule ya binti yangu imetaka picha za Halloween. Krayoni ninazopata ni pakiti ndogo, nyeupe haimo.

Jibu: Kaka, mshumaa mweupe. Vunja kipande kifupi, mpe achoree. Mstari utakuwa mnene, kwa hiyo achore vizuka vikubwa viwili vitatu, si kumi vidogo. Usiuwashe wala usidondoshe nta ya moto kwenye karatasi, haina faida na vidole vitaungua.

Ummu Salim: Sisi nyumbani hatuadhimishi Halloween. Mwanangu yuko darasa la kwanza hapa Toronto na wiki nzima ni vizuka. Sitaki atengwe, sitaki pia achore wachawi.

Jibu: Dada, mwandikie mwalimu wake mapema, mistari miwili inatosha. Kuna shule zinazofanya sherehe ya mavuno badala ya Halloween, na walimu wamezoea maombi haya. Kisha mpe mtoto kazi ya usiku badala ya vizuka: bundi, mwezi, popo wa Pemba, maboga shambani. Mbinu ya nta na chumvi ni ile ile, na anga lake la nyota huenda likapendeza kuliko picha nyingine zote ukutani. Kukaa naye kumweleza kwa nini nyumbani kwenu hamfanyi ni kazi yako, hilo usimwachie mwalimu.

Mama Tumaini: Rangi hizi naweza kumpaka usoni awe mifupa? Kwenye boksi wameandika hazina sumu.

Jibu: Hapana, mpenzi. "Hazina sumu" maana yake akilamba kidogo hatadhurika. Haimaanishi zimetengenezwa kwa ajili ya ngozi, sembuse karibu na macho. Nunua rangi za uso, na umjaribishie kidogo mkononi siku moja kabla. Akiwashwa, acha.

Bibi Rehema: Mjukuu wangu alichora fuvu vizuri sana, usiku akagoma kulala. Niifiche picha?

Jibu: Shikamoo bibi. Usimfiche, atajiuliza limekwenda wapi. Mpe krayoni alivalishe fuvu lake kofia, miwani, hata lidondoshe ice cream. Yeye ndiye aliyelitengeneza, ana ruhusa ya kulichekesha. Halafu libandikwe jikoni, si chumbani kwake.

Mama Eliya: Wangu ana mzio wa karanga, peremende wanazogawiwa watoto wakigonga milango usiku wa Halloween karibu zote hali. Nimeona maboga ya bluu-kijani kwenye vibaraza vya watu, ni ya nini?

Jibu: Hayo ni kwa ajili ya watoto kama wako. Tangu mwaka 2014 FARE, shirika la Marekani la watu wenye mzio wa vyakula, limeeneza kote Marekani desturi ya kupaka boga rangi hiyo: ukiliona, nyumba hiyo inagawa na vitu visivyo vya kula, penseli, stika, vijitochi. Pakeni la kwenu pia. Msilichonge, boga zima linakaa wiki kadhaa na halitaki kisu mkononi mwa mtoto. Lifuteni vumbi, likauke, pakeni rangi ya akriliki mara mbili, kwa sababu rangi ya vidonge itateleza kwenye ganda. Liacheni ndani usiku mzima kabla ya kulitoa kibarazani.