Kufuta na Kurudisha Mwingiliano wa Mawimbi kwa Leza ya Mkononi

Wanafunzi wengi huambiwa kwamba chembe hubadili tabia inapotazamwa, nao hubaki wakidhani kwamba jicho la mtu lina nguvu fulani. Jaribio hili linaonyesha kwamba kinachohusika ni alama ya njia iliyopitwa, awepo wa kuisoma au asiwepo.

Hatua ya kwanza: Katika chumba chenye giza, funga leza nyekundu mezani, mita 2 kutoka ukutani, na mtu yeyote asiitazame moja kwa moja. Nyoosha unywele na uubandike wima katikati ya mwali. Ukutani itatokea mistari ya mwanga na giza, ambayo ndiyo mwingiliano wa mawimbi yaliyopita kushoto na kulia kwa unywele; kwa mwanga wa nanomita 650 na unywele wenye unene wa mikroni 75, mistari hiyo huachana kwa milimita 17 hivi. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alipougawa mwali wa jua kwa kipande chembamba cha kadi mwaka 1803, aliona kwamba akiuziba upande mmoja mistari hutoweka, kwa hiyo huzaliwa na pande zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya pili: Bandua utando wa polaraizesheni kwenye kioo cha kikokotoo kibovu. Utando huu hupitisha mwanga unaotetema kuelekea upande mmoja tu. Uzungushe mbele ya leza, na doa likikaribia kuzimika, leza yako imepolaraiziwa, yaani mwanga wake tayari hutetema kuelekea upande mmoja. Lisipozimika, weka kipande cha utando chenye mwelekeo wa digrii 45 kabla ya unywele. Wengi huiruka hatua hii, kisha hatua ya nne huwakatalia.

Hatua ya tatu: Kata vipande viwili, kimoja cha kupitisha mtetemo wa wima na kingine wa mlalo, uviunganishe penye unywele, kushoto na kulia. Izungushe leza mpaka pande zote mbili zing'ae sawa. Mistari itatoweka na kubaki ukungu wa mwanga, ingawa hakuna aliyepima chochote, kwa sababu kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, sasa imebeba alama ya upande iliopitia.

Hatua ya nne: Weka kipande kingine cha utando kati ya unywele na ukuta, kwa digrii 45. Alama hufutika, mistari hurudi. Ukikigeuza kwa digrii 90, penye mwanga patakuwa giza na penye giza mwanga, na ukizijumlisha picha hizo mbili utapata ukungu uleule wa hatua ya tatu.

Mwalimu awe mkweli hapa: leza hii hutoa fotoni nyingi mno kwa wakati mmoja, hivyo nadharia ya kawaida ya mawimbi nayo inatosha kueleza yote yaliyoonekana. Sura ya chembe hudhihirika chembe zinapopita moja moja, kama mwanafizikia Akira Tonomura na wenzake walivyoonyesha kwa elektroni nchini Japani mwaka 1989, ambapo kila elektroni iliacha nukta moja tu, na nukta zilipokusanyika kwa maelfu zikajipanga kuwa mistari.